Ubao wa mizigo umekauka: kutafuta kosa lilipo, dalili kwa dalili

Haya yanamhusu mwenye lori moja au mawili huko Marekani: yule aliyeacha kuendesha gari la kampuni ya mtu, akafungua namba yake ya MC (mamlaka ya serikali ya kubeba mizigo ya watu), akajisajili DAT au Truckstop, mbao za mtandaoni ambako mizigo hutangazwa, na sasa amekaa kwenye maegesho akikodolea simu macho. Mizigo anaiona, ila haipati. Au haioni kabisa. Au anaipata, akipiga hesabu mwisho wa wiki anakuta mafuta yamekula kila kitu. Ukiwauliza Wakongo na Wakenya wenzako, wa kwanza atakwambia lipia ubao wa pili. Mimi ushauri huo nauweka mwisho kabisa. Ubao ni tangazo tu. Anayeamua kama mzigo ni wako ni dalali, yule anayemtafutia mwenye mzigo lori, na kabla hajakujibu ameshaangalia rekodi yako, umbali ulioko na saa za kuendesha ulizobakiza. Kosa kwa kawaida liko huko.

DAT yenyewe ilianza mwaka 1978 kwa jina la Dial-A-Truck, kwenye kituo cha malori cha Jubitz mjini Portland, Oregon. Mizigo ilionyeshwa kwenye skrini, dereva anasoma, anakwenda kupiga simu. Leo skrini iko mfukoni, lakini kazi ni ile ile: tangazo linakupa namba ya simu, na biashara inaanzia kwenye simu.

Skrini haina mizigo, au ina michache mno

Anza na vichujio. Ubao unakuuliza uko mji gani na uko tayari kwenda maili ngapi tupu kuufuata mzigo. Maili 50 ukiwa Chicago zinajaza skrini. Maili 50 ukiwa katikati ya Wyoming hazikupi kitu. Panua hadi 150, kisha tafuta kwa jimbo badala ya mji. Unakotaka kwenda pia usipabane: ukiandika mji mmoja tu, umejifungia mlango mwenyewe.

Kisha trela. Mwenye friji anaweza kubeba bidhaa kavu, lakini akichagua friji peke yake hayaoni matangazo ya boksi kavu, na hayo ndiyo mengi. Uzito nao unaficha mizigo. Sheria ya barabara kuu za kitaifa ni pauni 80,000 kwa lori, trela na mzigo vyote pamoja. Watu wengi huandika 45,000 kwa mazoea tu. Pita kwenye mizani ya kituo cha malori ukiwa tupu na matangi yamejaa, toa kwenye 80,000, uandike kinachobaki. Mwenye friji atakuta nafasi yake ni ndogo kidogo, kwa sababu mashine ya baridi na kuta nene zina uzito wake.

Saa na siku pia. Jumamosi na Jumapili ofisi nyingi za madalali zimefungwa. Siku za kazi, matangazo humiminika asubuhi, na asubuhi ya Atlanta si asubuhi ya Los Angeles. Ukiamka California saa mbili, mashariki ni saa tano, na mizigo mizuri ya kule imeshapewa watu.

Kama vichujio viko sawa na skrini bado ni kame, basi shida ni mahali ulipo. Mbao kubwa zina ramani inayoonyesha idadi ya mizigo kwa kila lori lililotangazwa katika eneo. Iangalie kabla hujakubali mzigo wa kukufikisha huko, maana ukishafika huna la kufanya ila kungoja au kuondoka tupu.

Kila ukipiga, "umeshachukuliwa"

Mara nyingine ni kweli. Panga matangazo kwa umri, mapya juu, na ukiona tangazo la saa nne zilizopita lisilo na bei, usiliwekee matumaini makubwa. Dalali akishauza mzigo si lazima akumbuke kufuta tangazo. Yako pia matangazo ya mizigo ambayo dalali bado hajapewa: anatupa ndoano ajue malori yanataka kiasi gani ndipo akamtajie mwenye mzigo bei. Utamjua kwa maswali. Muulize saa ya kupakia, uzito na aina ya bidhaa. Anayejibu "nitakuangalizia" kwa yote matatu, huenda hana mzigo mkononi.

Mzigo mmoja ukitangazwa na madalali watatu, wenye mji ule ule, uzito ule ule na tarehe ile ile, ujue mwenye mzigo amewaita wote wapigane bei. Piga kwa wote. Kuna atakayekuwa na nafasi zaidi ya mwenzake.

Lakini kama "umeshachukuliwa" inakuja mara tu baada ya kutaja namba yako ya MC, na tangazo linabaki pale pale nusu saa nzima, hukukataliwa na ubao. Soma sehemu inayofuata.

Wanauliza MC, kisha mazungumzo yanakatika

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi bila kujua. Dalali akiingiza namba yako, mfumo wake unamletea picha yako yote: leseni ya kampuni ina umri gani, bima ni ya kiasi gani, lori limekaguliwa mara ngapi barabarani na likakutwa na nini, anwani, simu, barua pepe. Sanduku moja kwenye skrini yake likiwa jekundu, kijana aliyeko kwenye simu hana mamlaka ya kulibadilisha. Atakwambia kwa upole kwamba mzigo umekwenda.

Sababu ya kwanza ni umri. Madalali wengi wakubwa hawampi mzigo mwenye mamlaka ya chini ya siku 90, wengine 180. Hakuna hila ya kuipita, na wanaokuuzia MC "ya zamani" wanakuuzia matatizo, kwa sababu mifumo ya ukaguzi siku hizi hugundua namba iliyobadilisha mwenyewe, simu na anwani kwa mkupuo. Linalowezekana ni kuuliza mapema. Piga kwa madalali wadogo, uliza "mnachukua MC mpya?" kabla hujauliza bei, uandike majibu kwenye daftari. Orodha hiyo ina thamani kuliko ubao wa pili. Njia nyingine ni kukodisha lori lako kwenye kampuni yenye mamlaka kwa miezi ya mwanzo. Asilimia yao inauma, lakini mizigo unaipata.

Sababu ya pili ni bima. Sheria ya kitaifa inadai dhima ya dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida. Soko linadai milioni 1, pamoja na bima ya mzigo ya dola 100,000. Ukiwa na kiwango cha sheria tu, uko halali barabarani na huna kazi ubaoni. Mwenye friji aulize pia kama bima yake inalipa mashine ya baridi ikiharibika njiani. Madalali wa nyama na mboga huuliza hilo kwanza. Na soma bidhaa zilizotengwa. Kuna mikataba inayoacha nje vifaa vya elektroniki, pombe au shaba, na utalijua hilo siku mzigo umeshaibiwa.

Sababu ya tatu ni ndogo na inakera: taarifa hazilingani. FMCSA, idara ya serikali inayosimamia usalama wa malori, ina simu yako ya miaka miwili iliyopita. Wewe unampigia dalali kwa namba nyingine, na unamtumia barua pepe ya tatu. Kwa mfumo wa kukamata matapeli, wewe na tapeli mnafanana. Fungua SAFER, tovuti ya FMCSA yenye rekodi za kampuni, jitazame kama dalali anavyokutazama, kisha usahihishe kwa fomu MCS-150, ambayo hata hivyo ni lazima uihuishe kila baada ya miaka miwili. Tumia namba moja ya simu na barua pepe moja kila mahali.

Yaliyoandikwa na wakaguzi kimakosa yanaweza kupingwa kupitia mfumo wa DataQs wa FMCSA. Yaliyoandikwa kwa haki yanasubiri muda upite.

Bei haifiki

Kosa la hesabu kwanza. Tangazo linasema dola 2,000 kwa maili 800, na kichwani unasoma 2.50 kwa maili. Lakini uko maili 150 kutoka mahali pa kupakia. Gawanya kwa 950: ni 2.11. Sasa jiulize utakaposhusha utatoka vipi. Chukua mfano wa Florida, ambayo kwa miezi mingi hula kuliko inavyotoa. Dereva atachukua mzigo wa Atlanta kwenda Miami, maili kama 660, kwa dola 1,800, akacheka. Miami anakuta mizigo ya kurudi ni dola 700. Safari nzima ni dola 2,500 kwa maili 1,320, sawa na 1.89. Aliyekataa Miami akaenda Charlotte kwa bei ndogo zaidi, akapakia tena kesho yake, amemzidi. Majira ya mavuno ya mboga na matunda, karibu na Aprili na Mei, Florida hugeuka, na wenye friji huitafuta wenyewe. Kila eneo lina msimu wake, na dereva anayeujua hahitaji kubembeleza.

Kwa hiyo mzigo upimwe kwa jozi, wa kwenda na wa kutoka, na ukiweza kwa wiki nzima. Kabla hujakubali wa kwenda, fungua utafutaji wa pili ukijifanya uko tayari kule unakoshusha.

Kosa la pili ni mdomo. Bei iliyoandikwa ubaoni ni mwanzo wa maneno, na isiyoandikwa inakungoja wewe utaje kwanza. Usitaje. Uliza habari za mzigo, mwambie uko maili ngapi na unaweza kufika saa ngapi, ndipo umuulize ana kiasi gani. Akisema, nyamaza kidogo. Halafu taja yako kwa sababu: maili tupu, kituo cha pili, mji mgumu kutoka. Mbao zinauza pia wastani wa bei kwa kila njia. Ule wastani ni wa jana na wa wiki iliyopita, uutumie kujua kama unadanganywa waziwazi, usiufanye msahafu. Mzigo unaopakiwa leo jioni, na ulio ubaoni tangu asubuhi, una bei nyingine kabisa kuliko wa keshokutwa. Dalali ameshamwahidi mtu.

Kama kiingereza cha simu kinakupiga chenga unapobanwa, andika sentensi zako tano kwenye karatasi uzisome. Hakuna anayeiona karatasi.

Mzigo ni mtamu kupita kiasi

Dola moja zaidi kwa maili kuliko matangazo yote ya njia hiyo, na aliyepokea simu hakuuliza lolote kuhusu bima yako. Simama hapo.

Utapeli ulioenea zaidi ni huu: mtu anajifanya kampuni ya usafirishaji, anachukua mzigo kwa dalali halali, kisha anautangaza upya ubaoni akijifanya dalali. Wewe unaubeba kwa moyo safi, unashusha, dalali halali anamlipa tapeli, tapeli anazima simu. Ukiwapigia wenye mzigo wanakwambia wameshalipa. Mara nyingine lengo ni bidhaa yenyewe: ukiwa njiani unapigiwa ubadilishe mahali pa kushusha, upeleke kwenye ghala jingine. Ukifanya hivyo, mzigo umepotea na jina lililoko kwenye karatasi ni lako.

Dalili zake hazijifichi sana. Barua pepe ni ya bure, au inafanana na ya kampuni kubwa kwa tofauti ya herufi moja. Jina kwenye hati ya bei, yaani makubaliano ya mzigo anayokutumia dalali, si la kampuni uliyoongea nayo. Unaambiwa langoni useme unatoka kampuni fulani. Karatasi ya mzigo ina jina la msafirishaji mwingine. Hilo la langoni ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa, kwa sababu lori limeshafika na saa zinakwenda.

Dawa ni simu moja. Usipige namba iliyoko kwenye tangazo wala kwenye hati. Chukua namba ya kampuni hiyo kutoka kwenye rekodi ya FMCSA, piga, uliza kama wana mzigo wenye namba hii ya kumbukumbu na kama mfanyakazi mwenye jina hili yupo. Dakika tano. Kabla ya kusaini mahali pa kupakia, soma jina la msafirishaji kwenye karatasi. Kama si lako, usiondoke na mzigo mpaka dalali halali athibitishe.

Matapeli wanakuja pia kwa mlango wa pili: ujumbe wenye kiungo, "jisajili hapa upate mzigo", nao ukurasa unafanana na wa serikali au wa ubao. Ukiingiza nywila yako, kesho kuna mtu anachukua mizigo kwa jina lako, na wewe unasikia habari kutoka kwa polisi wa jimbo usilolifika.

Sasa neno la nyumbani, na najua halipendezi. Katika jamii zetu kuna desturi ya "ndugu, nichukulie mzigo kwa MC yako, yangu bado changa." Kumwazima ndugu jina la kampuni yako kunaonekana ni wema tu. Lakini mzigo uliochukuliwa kwa mamlaka yako na kubebwa na lori lisilo chini ya mamlaka na bima yako ndiyo ile ile biashara ya kupokezana mizigo inayotafutwa na mifumo yote niliyoitaja. Kumpa msafirishaji mwingine mzigo kunahitaji leseni ya udalali na dhamana yake. Ajali ikitokea, bima itakana. Dalali akigundua, anakuripoti kwenye mifumo ambayo wenzake wanaisoma, na alama hiyo haifutiki kwa kupiga simu. Kama unataka kumsaidia shemeji, lori lake na liingie kwenye bima yako na kwenye mkataba wa ukodishaji ulioandikwa, ndipo abebe.

Mzigo umeupata, saa hazikubali

Ubao hausomi saa zako za udereva. Sheria ni saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, kisha mapumziko ya saa 10. Tuseme uliwasha saa kumi na mbili asubuhi. Mzigo unapakiwa saa nane mchana, maili 600, kushusha kesho saa moja asubuhi. Unasikia inawezekana. Upakiaji unakula saa mbili, unatoka saa kumi jioni. Dirisha linafungwa saa mbili usiku: kwa mwendo wa wastani wa maili 55 umefanya 220. Unalala hadi saa kumi na mbili asubuhi, zimebaki maili 380, karibu saa saba. Utafika saa saba mchana, saa sita baada ya miadi.

Piga hesabu hii kabla ya kusema ndiyo, na umwambie dalali ukweli kwenye simu ile ile. Miadi mingi ya kushusha husogezwa ikiombwa mapema. Ikiombwa ukiwa njiani inaitwa uchelewaji, na kuna hati za bei zenye faini yake.

Umeshusha, pesa hazijaja

Nusu ya shida hii hutibiwa kabla ya kupakia. Mbao za kulipia huonyesha alama ya mkopo ya dalali na wastani wa siku anazochukua kulipa. Kama unauza ankara zako kwa kampuni ya faktoringi, waulize kwanza kama wanamkubali dalali huyo. Wakimkataa, usibishane nao. Wanaona malipo ya maelfu ya watu.

Malipo ya kungojeshwa hupotea kwa uzembe wa karatasi. Kawaida saa mbili za kwanza ni bure. Baada ya hapo unadai, lakini uwe na saa ya kuingia na ya kutoka zilizoandikwa na ghala lenyewe, na uwe ulimjulisha dalali kwa maandishi kabla saa mbili hazijaisha. Kiasi kwa saa kiandikwe kwenye hati ya bei. Fidia ya mzigo uliofutwa ukiwa umeshafika nayo iandikwe hapo hapo. Ahadi ya simu haina mdhamini.

Dalali akipitisha siku za makubaliano, andika, usipige tu. Ambatanisha hati ya bei, karatasi ya mzigo iliyosainiwa na ankara. Asipojibu, tafuta kwenye rekodi za FMCSA kampuni iliyomdhamini. Kila dalali lazima awe na dhamana ya dola 75,000, na wewe unadai moja kwa moja kwa mdhamini. Usikawie: kiasi hicho ni cha wadai wote, na dalali anayeanguka huwa amewaacha wengi. Kanuni ya 49 CFR 371.3 inakupa pia haki ya kuona kumbukumbu za muamala wako, yaani mwenye mzigo alilipa kiasi gani. Lakini angalia ulichosaini, maana mikataba mingi ya madalali ina kifungu kinachokufanya uiache haki hiyo.

Ubao wenyewe ndio wenye kosa

Hutokea, ila si mara nyingi. Akaunti ikifungwa ghafla, sababu ya kawaida ni nywila moja kutumiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, wewe barabarani na dispacha wako, anayekutafutia mizigo, nyumbani. Lipia nafasi ya pili au chagueni nani anatafuta. Kama programu inaonyesha mji usio wako, zima na uwashe ruhusa ya mahali kwenye simu, au andika mji kwa mkono.

Ubao wa pili ulipie pale tu ambapo madalali wanakukubali, bei unaijua, na bado unakaa siku nzima bila mzigo kwenye njia unazozifanya. Kabla ya kadi kukatwa, omba kipindi cha majaribio na uzifungue mbao zote mbili kwa pamoja asubuhi ya Jumanne: kama nane kati ya mizigo kumi ni ile ile, weka pesa yako kwenye matairi.